Dada Yako Anaumwa

Ukisimama ukingoni mwa Newala, pale ardhi inapokatika ghafla na kuporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, unaiona Msumbiji bila kulipa nauli. Nimefundisha Newala miaka tisa, na miaka yote hiyo nchi ile ilikuwa vilima vya buluu na moshi wa watu wanaochoma mashamba. Kisha ikaja miaka ambayo hatukuwa na hakika tena kama moshi ule unatoka mashambani. Tulikuwa tunasimama pale jioni, walimu watatu wanne, tunakisia, halafu tunarudi nyumbani kula. Sikuwahi kutamani kwenda. Nilipokwenda, nilipelekwa na msiba wa rafiki yangu.

Rafiki yangu ni mwalimu mwenzangu, Mmakonde wa Mnyambe. Mimi ni Mmakua wa Lukuledi. Kwa hesabu za wazee sisi ni watani, na utani wetu si masihara ya kijiweni, ni kazi. Akifa mtu kwao, mimi ndiye nichimbaye kaburi, mimi ndiye nipelekaye habari kwa ndugu walio mbali, na mimi ndiye nisemaye maneno ambayo akiyasema mtu mwingine atapigwa. Siku mama yake alipozikwa nilijifunga kanga ya marehemu, nikazunguka uwanja nikifukuza kuku kwa ile sauti yake ya puani. Watu waliangua kicheko. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini, na kutoka kwenye kicheko akaingia kwenye kilio, akalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilijiona fundi. Nalisema hili ili ijulikane kwamba nilivuka mto nikiwa mtu anayejiamini sana.

Marehemu alikuwa na kaka mmoja tu. Ujanani kaka huyo alivuka Ruvuma kumfuata mke, maana kwa Wamakonde mume ndiye ahamiaye ukweni, akabaki huko na mikorosho yake. Zamani alikuwa akija kila baada ya mavuno. Vita vilipoingia kule simu yake ikazimika, na kwa zaidi ya miaka miwili hakuna aliyejua kama yupo au hayupo. Dada yake alikufa bila kujua. Mwezi mmoja baada ya maziko, mchuuzi mmoja wa samaki wakavu akaleta habari Mnyambe: mzee yu hai, yuko kwenye kambi ya waliokimbia, kando ya barabara iendayo Mueda.

Wazee wa ukoo wakasema arobaini haitasomwa bila mjomba. Huko kwao mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, na ndiye asemaye nyumba ya marehemu iwe ya nani. Nikaitwa mimi, nikaambiwa nimfuate. Nikakumbushwa pia jambo ambalo halikuhitaji kukumbushwa: usimwambie huko, sema anaumwa.

Kila mtu wa kwetu anaijua desturi hii. Habari ya kifo haimwagwi njiani. Mtu aliye mbali anaambiwa mgonjwa amezidiwa, anapanda gari akiwa na tumaini kidogo, na ukweli anaukuta uwanjani, penye mikeka na ndugu wa kumdaka akianguka. Mimi mwenyewe, nilipokuwa chuoni, nilipigiwa simu kwamba baba hajisikii vizuri. Niliujua ukweli na sikuujua, mpaka nilipoona turubai limefungwa mbele ya nyumba yetu. Sikumlaumu mtu. Niliona nimetendewa wema.

Tulikwenda watatu. Wa tatu alikuwa rafiki yetu kutoka Njombe anayeuza vipuri vya pikipiki pale Masasi, na gari lilikuwa lake. Tulikuwa na hati za dharura za kusafiria mfukoni, maji, mkate, na maneno mengi ya kujipa moyo. Tulipita Mangaka, tukashuka hadi Mtambaswala, tukagongewa mihuri, tukaingia darajani.

Daraja lile ni refu na pana, na asubuhi ile lilikuwa letu peke yetu. Chini mto ulikuwa mchanga mwingi na maji machache. Nilitegemea nitajisikia tofauti nikifika upande wa pili, maana ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga nchi ya watu. Kilichobadilika ni saa za simu, zilirudi nyuma saa moja. Mtu wa Njombe akasema tumeongezewa saa moja ya kuishi. Tulicheka kidogo, halafu hatukucheka tena kwa muda mrefu.

Watu walikuwa wale wale wa kwetu, na hilo ndilo lililonitisha. Nilitazamia wageni. Nikakuta akina mama wenye nyuso za sokoni Newala, kanga zile zile, Kimakonde kile kile ambacho rafiki yangu alikisikia bila taabu, ila kimechomekwa Kireno hapa na pale, shule ikiitwa shikola. Mama mmoja alituuzia mikate midogo, migumu nje na laini ndani, mitamu kuliko yetu. Nilimwuliza kwa Kiswahili anatoka kijiji gani. Alinitajia, kisha akasema kwa Kiswahili safi, "Lakini hakipo." Akaendelea kuhesabu mikate.

Askari walitusimamisha mara nne. Walikuwa na adabu, wakauliza, wakatazama chini ya viti, wakaturuhusu. Kati ya kizuizi na kizuizi tulipita vijiji ambavyo ukuta umebaki na paa limeondoka, mlango upo na nyumba haipo. Lakini kilichonikaa rohoni zaidi ni mikorosho. Ulikuwa mwezi wa Novemba, korosho zimeiva, zimeanguka, zimelala kwenye majani yaliyofika kifuani, zinaoza. Kwetu mtu akiona korosho chini anainama hata kama ana haraka ya kwenda hospitali. Rafiki yangu alitazama dirishani akasema, "Hakuna hata mwizi." Niliogopa kuliko nilivyoogopa bunduki.

Kambi tuliikuta alasiri, kwenye njia panda: vibanda vya fito na turubai, kisima cha pampu, foleni ya ndoo. Hatukupata taabu kumwona mzee. Alikuwa ameketi hatua chache kutoka pampuni, anasuka tenga la kuku, na kila gari au mtu akipita anainua kichwa. Sura ilikuwa ya marehemu kabisa. Rafiki yangu alisimama akashindwa kwenda mbele.

Mzee mwingine ningemwamkia shikamoo. Huyu alikuwa mtani. Nikamwendea nikasema kwa sauti, "Wewe mzee bado hujafa tu? Sisi tumekuja na gari la kubebea maiti. Sasa tutabeba nini?"

Alinitazama. Nilidhani nimekosea mtu. Kisha mdomo ukamfunguka, meno mawili matatu yakaonekana. "Mmakua!" akasema. "Ni Mmakua tu anayeweza kuja mpaka huku kunitukana." Akacheka mpaka akakohoa, tenga likamdondoka. Watu wa foleni waligeuka. Mwanamke mmoja, jirani wa kibanda chake, alisema neno kwa Kimakonde, na rafiki yangu akanitafsiria baadaye: hawajapata kumsikia akicheka tangu aje.

"Shikamoo, mjomba," rafiki yangu akasema.

"Marahaba, mpwa wangu. Mama yako hajambo?"

Rafiki yangu akanitazama mimi. Ilikuwa kazi yangu.

"Dada yako anaumwa," nikasema. "Anakuita."

Kicheko kikamtoka usoni. Akauliza anaumwa nini, nikasema presha, na miguu imevimba, na hilo lilikuwa kweli, maana ndivyo vilivyomwua. Akauliza kama anaongea. Hapo desturi haikunituma kusema mengi, ningeweza kuguna tu. Lakini nilikuwa nimeshanogewa na ufundi wangu. "Anaongea," nikasema. "Anakutaja wewe tu."

Mzee akaokota tenga, akaliweka magotini, asilisuke. Akatueleza kwa nini hawezi kuondoka.

Uvumi ulipoanza, kabla vita havijafika kijijini kwao, yeye na mkewe walipatana: tukipotezana, tukutane pampuni, njia panda. Siku ilipofika, yeye alikuwa shambani na mkewe nyumbani. Alikimbia upande wake. Baadaye watu walimwambia walimwona mkewe akikimbia upande wa pili na wanawake wengine, mzima, kanga imeanguka. Mzee alitembea siku tatu porini akafika hapo pampuni. Hakumkuta. Akakaa. Kambi ilimkuta pale pale, akapewa turubai. Walitaka kumhamishia kambi nyingine yenye shule na zahanati, akakataa. Kwa miaka miwili na zaidi hajalala mahali pengine hata usiku mmoja. "Akija nisipokuwapo," akasema, "atajua nimekufa. Ataondoka, na hatarudi tena."

Hakulia wala hakutaka tumwonee huruma. Alituambia kama mtu anavyoeleza zamu yake ya kazi.

Mtu wa Njombe alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya gari. "Mwambie ukweli," akasema. "Mwambie sasa hivi, achague mwenyewe."

"Habari ya msiba haitolewi hivyo," nikamjibu.

"Naijua, hata kwetu iko hivyo. Lakini huyu si mtu wa kawaida. Huyu ana zamu."

Nikamcheka. Nilimwambia abaki na vipuri vyake, mambo ya watani awaachie watani. Nakumbuka hata namna nilivyompiga bega. Rafiki yangu yeye alikuwa anafuta kioo cha gari kwa leso, kioo ambacho kilikuwa safi. Yeye ndiye aliyefiwa, sikumlaumu. Kusema ilikuwa juu yangu.

Tulilala garini. Asubuhi mzee akatuita. Alikuwa ameoga na kuvaa shati lake la pili. Akanitazama mimi, si mpwa wake.

"Mtani," akasema, "utani tumeshamaliza jana. Nataka unijibu kama mtu. Nikienda leo, nitamkuta?"

Watu wameniambia kwamba hapo nilikuwa bado na nafasi. Nakubali. Niliiona nafasi ile kwa macho yangu. Lakini niliwaza wazee wa Mnyambe wanaosubiri, niliwaza arobaini, niliwaza huyu mzee akianguka hapa kwenye vumbi bila ndugu wa kumshika. Nilijiambia namwonea huruma.

"Utamkuta," nikasema.

Akamwita yule jirani. Akamwagiza mara mbili, na mara ya pili akamtaka arudie maneno: mwanamke akija kuniulizia, mwambie nimekwenda kumwona dada yangu Mnyambe, anaumwa, siku tatu tu, akae hapa hapa, asiondoke. Jirani akarudia. Mzee akaingia kwenye gari, akakaa upande wa dirisha, na shingo yake ikabaki imegeuka nyuma mpaka pampu ilipopotea.

Mpakani hakuwa na karatasi yoyote. Alieleza mwenyewe kwamba dada yake ni mgonjwa na huenda asipate siku nyingi. Ofisa aliyemsikiliza alikuwa mtu wa makamo, akamwandikia kibali cha siku chache, akampa mkono. "Mungu amponye," akasema. Tulisimama pale watatu, watu wazima, tukaitikia amina.

Baada ya daraja mzee alichangamka. Ndiyo sehemu ya safari ninayotamani kuisahau. Alitusimulia walivyokuwa wadogo, jinsi dada yake alivyomfundisha kuteka maji bondeni na kupanda nayo mlima bila kumwaga, jinsi alivyolia siku kaka yake anavuka kwenda kuoa, akamtupia mawe mpaka mtoni. Alisema dada yake akiumwa hataki uji, anataka machungwa, tangu utotoni. Akaomba tusimame Masasi. Mtu wa Njombe akashuka, akanunua mfuko mzima bila kuuliza bei, akampa, akarudi kwenye usukani. Rafiki yangu, kiti cha nyuma, alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Mzee alimpigapiga gotini akamwambia asihofu, mama yake ni mtu mgumu.

Tulifika jua likiwa bado juu ya miti. Gari lilipozima, wanawake waliokuwa kwenye mikeka wakainuka na vilio, kama desturi inavyotaka mjomba akifika. Mzee alikuwa ameshashuka, mfuko wa machungwa mkononi. Akasimama. Akawatazama wanawake, akatazama mlango wa nyumba, akanitazama mimi. Watu wawili walimsogelea kumshika, ila hakuanguka. Aliuweka mfuko chini taratibu, akaketi kwenye mkeka.

"Lini?" akauliza.

Akaambiwa leo ni siku ya thelathini na nne.

Alirudia, "Thelathini na nne." Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, "Uliniambia nitamkuta."

Niliwahi kutukanwa na wafiwa, niliwahi kurushiwa udongo kaburini, na yote niliyapokea nikicheka kwa sababu ndiyo kazi. Siku ile nilikosa pa kuweka uso. Nikasema, "Ndivyo tunavyofanya, mzee." Akatikisa kichwa kukubali. Na yeye alikuwa anaijua desturi, pengine aliwahi kuwafanyia wengine. Hakulia mbele yetu.

Asubuhi yake akaomba arudishwe. Wazee wakashangaa. Mjomba aje, aone kaburi, halafu aondoke siku tano kabla ya arobaini? Walimwambia haiwezekani, nyumba haina msemaji, watoto hawana mkubwa. Aliwaeleza habari ya pampu. Walimsikiliza kwa heshima, wakampa pole, wakasema mtu aliyesubiri miaka miwili hawezi kushindwa na siku tano. Hata mimi nilimsihi. Nilitaka abaki ili nione kwamba nilifanya sawa kumleta. Gari lilikuwa limesharudi Masasi. Akabaki.

Alifanya kila kitu kinachompasa mjomba. Aligawa, alipatanisha, alikaa penye dua, na nyumba akampa binti mdogo wa marehemu bila ugomvi. Chakula alikuwa anagusa tu. Jioni alikuwa anakwenda kuketi njiani, akitazama kila apitaye, akikumbuka yuko wapi anainama. Machungwa waliyala watoto.

Siku ya arobaini na moja nilimsindikiza mpaka darajani. Rafiki yangu alikuwa amempa simu yenye laini. Tuliagana kwa mkono. Nilitamani anitukane, hata neno moja, nikamwanza mimi kwa tusi dogo la kizembe. Alitabasamu kwa adabu kama unavyomtabasamia mgeni. Akavuka kwa miguu, amebeba kifurushi cha unga kichwani.

Wiki mbili baadaye alinipigia, mchana, nikiwa darasani. Nikatoka nje. Hakumpigia mpwa wake, alinipigia mimi.

Aliniambia kwamba siku ya tano tangu aondoke, lori lilileta watu kutoka kusini. Akashuka mwanamke, mfupi, wa makamo, akanywa maji pampuni, akauliza watu waliokuwa kwenye foleni kama kuna mzee anayesuka matenga. Jirani alikuwa ameshika maagizo siku tatu kama alivyoagizwa, na ya nne akaongeza. Ya tano alikwenda kutafuta mboga. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa wageni, wakasema hawamjui. Mwanamke alikaa mpaka lori lilipopiga honi, akapanda. Lori lilikwenda wapi hakuna ajuaye, wengine wanasema Montepuez, wengine Pemba.

"Pengine si yeye," nikasema. "Wasuka matenga ni wengi, mzee."

"Pengine," akasema.

Nikasikia pampu ikigonga nyuma ya sauti yake. Nikasema pole, nikasema nisamehe, nikasema sikukusudia, yote kwa mfululizo, na wanafunzi wananichungulia dirishani. Alinisubiri nimalize.

"Mtani," akasema, "ungeniambia amekufa, ningelia hapa hapa. Ningemlilia dada yangu, halafu ningebaki."